Je, Wajua? Jua Lina Upepo, na Athari Zake Hufika Homa Bay

Je, wajua kwamba jua lina upepo wake? Si huu unaosukuma tanga pale Mbita! Huu ni wa chembe zenye umeme, nao hukimbia kilomita 400 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungetoka Migori mjini ukaingia Homa Bay kabla hujamaliza kupepesa jicho. Na bado upepo huo unachukua siku nne hivi kutufikia.

Tazama juu, jirani, ambako athari zake huonekana. Kuanzia kilomita 80 hivi kuna tabaka la hewa lililojaa elektroni: ionosfia. Mvuvi wa omena akinasa ziwani, usiku, redio ya masafa mafupi kutoka bara jingine, ujue mawimbi yamegonga huko juu yakarudi chini. Hakuna waya, hakuna mnara!

Ikweta unayoijua iko kilomita 60 hivi kaskazini mwa mji wa Homa Bay. Sasa shika hili: kuna ikweta ya pili, ya sumaku, na hiyo inapita Ethiopia! Mchana elektroni hupandishwa juu pale, kisha zikateremka kaskazini na kusini kama maji ya chemchemi. Sisi wa Migori na Homa Bay tuko upande wa kusini, zinakomiminikia. Dhoruba ya upepo wa jua ikipiga, chemchemi hiyo yaweza kuruka juu kupita kawaida, au ikazimwa kabisa. Na jua likishatua, hasa Machi na Septemba, mapovu huchomoza humo ndani yakavuruga mawimbi ya GPS.

Wajua chombo cha kuchunguza dhoruba kama hizo kimewahi kurushwa kutoka Kenya? Tarehe 15 Novemba 1971, Explorer 45 ya Marekani ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Uzito? Kilo 52 hivi! Gunia la mahindi la kilo 90 linaishinda mbali.

Upepo huo hauigusi Dunia peke yake. Zuhura, ile sayari ing'aayo jioni kama nyota, haina ngao ya sumaku kama ya Dunia yetu. Agosti 2010 upepo wa jua ulipofifia, ionosfia yake ilivimba upande wa usiku ikawa na mkia!

Mirihi je? Upepo huo huipokonya hewa, gramu 100 hivi kila sekunde. Ikiwa umesoma safu hii kwa dakika mbili, kilo 12 zimeshakwenda.