Nyumba ya Ukingoni Dunga: Maji Yaulizwe Kwanza

Ukitoka katika mji wa Kisumu na kushika njia ya kusini, ukaipita hifadhi ya swala na mahali paitwapo Hippo Point, hukawii kufika Dunga. Hapo wavuvi hushusha mbuta, ngege na omena. Akina mama huwangoja ukingoni na beseni zao. Na kando ya mitumbwi limesimama pori la mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Jioni jua likitua juu ya Ghuba ya Winam, hata mtu mwenye haraka husimama akatazama.

Mahali kama hapa hapakosi watu wa kupatamani. Mwezi wa Mei 2022 mkutano mkuu wa miji ya Afrika ulifanyika Kisumu, na maelfu ya wageni wakauona mji huu na ziwa lake. Basi si ajabu mtu akiwaza: je, haifai ijengwe Dunga nyumba moja kubwa, upande mmoja hoteli, upande wa pili nyumba ya utamaduni, yenye ukumbi wa kupigia nyatiti, chumba cha kuonyeshea mitego na mitumbwi ya kale, na mahali pa kuwafundisha watoto habari za ziwa? Wazo hili ni jema. Lakini nyumba ya namna hiyo haianzi kwa kuchagua rangi ya kuta. Huanza kwa kuyauliza maji.

Wajaluo wana hadithi ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Husemwa kwamba zamani palikuwa na kijiji hapo, na usiku mmoja watu walikuwa wakinywa na kucheza ngoma. Akaja bibi kizee akiomba hifadhi, nao wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, akaokoka yule mwanamke peke yake. Twaweza kusema ni hadithi tu. Hata hivyo ina maonyo mawili yamfaayo kila mtu atakaye kujenga hoteli kando ya ziwa: usimdharau mgeni, wala usiyadharau maji.

Maji ya Ziwa Victoria hayakai mahali pamoja. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hurudi angani kwa joto la jua. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi huliinua, na miaka ya ukame hulishusha. Wazee hawajaisahau ile mvua ya Uhuru, iliyoanza mwaka 1961. Kufika mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 likashuka sana, hata gati nyingine zikabaki juu ya nchi kavu. Kisha mwaka 2020 likapanda tena hadi kuifikia na kuipita kidogo alama ya 1964, fukwe nyingi za Kisumu, Dunga ikiwa mojawapo, zikaingiliwa na maji. Na mwaka 2024 likapita hapo tena. Kati ya kina cha 2006 na cha 2020 tofauti yake ni karibu mita 3.

Mita 3 ni kimo cha chumba kimoja, na mtu aweza kusema si kitu. Lakini tufanye hesabu. Ikiwa ufuko umeinama kidogo tu, kiasi cha mita 1 kwa kila mita 50, basi maji yakipanda mita 3 yatatembea mita 150 kuingia bara. Mtu aliyepima kiwanja chake mwaka 2006, akajenga hatua ishirini kutoka majini, mwaka 2020 alikuwa amejenga ndani ya ziwa.

Kwa sababu hiyo msanifu majengo, yaani fundi achoraye ramani ya nyumba, hana budi kuweka alama ya maji ya juu kabisa kabla ya kuchora ukuta wo wote. Vyumba vya kulala, jiko, mitambo ya umeme na akiba ya vitu vya utamaduni vikae juu ya alama hiyo, na mbali nayo. Penye maji ya kuja na kwenda pawe na vitu vinavyovumilia kulowa: bustani, uwanja wa ngoma, ngazi pana za mawe, njia za mbao zilizoinuliwa. Nguzo nazo zipite udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, zifike penye ardhi imara. Kila mkulima ajua kwamba kigingi cha ua huoza pale kinapolowa na kukauka, wala si chini kabisa. Nguzo ya mti ukingoni mwa ziwa huoza vivyo hivyo.

Wengine watauliza: mbona nyumba isielee tu? Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katika mtaa wa Makoko, mjini Lagos, msanifu Kunlé Adeyemi alijenga shule yenye kuelea juu ya mapipa 256 ya plastiki. Ilikamilika mwaka 2013, ikasifiwa duniani kote. Lakini mwezi wa Juni 2016 ikaanguka katika mvua kubwa. Hata hivyo fundi huyo hakukata tamaa, na mwaka 2021 jumba la muziki lielealo, lililochorwa na kampuni yake, lilifunguliwa Mindelo katika visiwa vya Cape Verde. Fundisho lake ni hili: chenye kuelea chataka kutunzwa kama mashua, tena kila siku. Na hapa Winam kuna adui mwingine, gugu maji, ambalo lilienea katika ziwa hili tangu miaka ya 1990. Upepo huyasukuma magugu hayo yakaziba ghuba kama zulia. Yafaa jukwaa dogo la muziki lielee. Hoteli nzima, la.

Sasa tuje kwenye mafunjo. Mgeni hutaka kuliona ziwa akiwa kitandani, na mwenye hoteli aweza kushawishika kuyakata. Akifanya hivyo amebomoa ukuta wake mwenyewe. Mafunjo huyapunguza nguvu mawimbi, huzuia tope lisiingie ziwani, na samaki huzaliana kati ya mizizi yake. Humo huishi ndege wasiopatikana penginepo ila katika mafunjo. Mmoja wao ana kifua chekundu, utosi wa manjano na mgongo mweusi. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kumtazama. Nyumba yenye akili itainua ubaraza wake juu ya vichwa vya mafunjo, iyaache yasimame.

Kisha kuna jua. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, na nyumba ya baridi hapo hutazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige pande fupi tu. Lakini jua tamu la kutua liko magharibi, nalo ndilo mgeni alilolilipia! Basi upande huo upewe ubaraza mpana, na madirisha yafunguliwe kwa upepo wa ziwa, uvumao mchana kuja nchi kavu.

Maji ya mvua nayo ni mali. Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 1,000, hata likipoteza sehemu ya sita, litakusanya lita 1,000,000. Wageni 40, kila mmoja akitumia lita 200 kwa siku, watatumia lita 8,000. Maji hayo yatawatosha siku 125. Maji machafu ya jikoni na bafuni yasafishwe kwanza, mwisho yapite katika vitalu vya matete vilivyopandwa kwa kazi hiyo, wala yasimwagwe ziwani ambako jirani huchota maji na samaki huvuliwa.

Limebaki neno moja, nalo ni kubwa kuliko yote. Ufuko wa Dunga una wenyewe. Tangu kanuni za mwaka 2007, wavuvi, wachuuzi na wenye mashua wana kamati zao za kusimamia fukwe. Je, ua wa hoteli ukipita hapo, mvuvi atatia nanga wapi? Mama mwenye omena ataianika wapi? Nyumba ya utamaduni iliyowafukuza wenye utamaduni huo ni sanduku tupu. Basi ramani iache njia wazi ya kuendea majini, pana ya kutosha kubeba mtumbwi. Soko la samaki liwe mlangoni pa nyumba, si nyuma yake. Na wazee wa Dunga waitwe kabla ya karatasi kuchorwa, si siku ya kukata utepe.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka kazi kubwa kama hii ichunguzwe kwanza, na watu wa mahali wasikilizwe. Lakini sheria haina macho ya kuona kila ufuko. Nawe msomaji, ijapokuwa hujengi hoteli bali nyumba ya vyumba viwili kando ya mto, muulize mzee wa jirani: "Mwaka ule maji yalifika wapi?" Atakuonyesha mti au jiwe. Jenga juu ya jiwe hilo, ukamwachie jirani njia ya kwenda kuchota.