Mashamba ya chumvi Guérande yaingiza fedha mara mbili

Kilo ya chumvi ni miongoni mwa bidhaa za bei ya chini kabisa katika duka lolote la rejareja. Hata hivyo, katika rasi ya Guérande, magharibi mwa Ufaransa, takriban wakulima 300 wanaendesha maisha yao kwa kuvuna chumvi ya bahari kwa mikono, bila mashine shambani.

Si hivyo tu. Wageni hulipa ili watembezwe kwenye kingo za mashamba hayo, waone chumvi ikikokotwa na ndege wakitafuta chakula. Shamba moja, mapato mawili.

Mashamba hayo yameenea katika eneo la takriban hekta 2,000 kati ya miji ya Guérande, Batz-sur-Mer, Le Croisic na La Turballe. Baadhi ya majaruba yanayotumika hadi leo yalichimbwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Maji, jua na upepo

Mtaji mkubwa wa biashara hii ni mteremko wa ardhi. Wakati wa bamvua, mkulima hufungua lango na kuyaacha maji ya bahari yaingie katika bwawa kubwa la akiba. Humo tope hutuama na maji huanza kupata joto.

Kutoka hapo maji hushuka polepole kupitia mlolongo wa majaruba ya udongo wa mfinyanzi, kila moja likiwa chini kidogo ya lililotangulia. Jua na upepo huyapunguza njiani. Yakifika jaruba la mwisho, lenye ukubwa wa takriban mita 70 za mraba, yamekolea kiasi cha kuganda.

Hesabu yake ni rahisi. Lita 1,000 za maji ya bahari hubeba takriban kilo 27 za chumvi ya kula. Kupata tani moja, zaidi ya lita 37,000 lazima zipitie shambani na kukauka. Kwa kuwa nishati yote ni ya jua na upepo, gharama kubwa inabaki kuwa nguvu kazi.

Chumvi yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza ni chumvi ya mawe, ya rangi ya kijivu kutokana na udongo, ambayo huvutwa kutoka sakafuni kwa reki ndefu ya mbao. Mkulima asiye na uzoefu hukwaruza udongo na kuharibu mzigo wote.

Ya pili huitwa ua la chumvi. Ni utando mwembamba unaoganda juu ya maji siku za jua na upepo mkavu, na huenguliwa taratibu kabla haujazama. Jaruba moja hutoa kwa wastani zaidi ya tani moja ya chumvi ya mawe kwa msimu, lakini ua la chumvi ni makumi machache tu ya kilo. Ndiyo maana bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya chumvi ya mawe.

Ndege ni sehemu ya hesabu

Mgeni anayefika kati ya Juni na Septemba hukuta mavuno yakiendelea. Anayefika mapema, wakati wa machipuko, hukuta ndege wakitaga.

Kuna ndege mweupe na mweusi ambaye mdomo wake umepinda kuelekea juu. Huupeleka kulia na kushoto majini kama mtu anayefyeka. Yupo mwingine mwenye miguu mirefu myekundu, ambaye pia huonekana katika mashamba ya chumvi ya mwambao wa Kenya na Tanzania. Wapo yangeyange, na kuna ndege mdogo mwenye koo la buluu anayejificha vichakani pembezoni.

Kinachowaleta ni chakula. Kila jaruba lina kiwango chake cha chumvi, na kila kiwango kina viumbe wake: samaki na minyoo katika bwawa la akiba, na kamba wadogo sana wa maji ya chumvi katika maji yaliyokolea. Pembeni huota mmea mnene wenye ladha ya chumvi, ambao baadhi ya wakulima huuvuna na kuuza kama mboga au achari.

Jambo ambalo mwekezaji hapaswi kulipuuza ni kwamba ndege hao wanamtegemea mkulima. Kazi ya kutengeneza kingo na kuzoa tope hufanyika kila mwaka. Shamba likitelekezwa hujaa matope, na kichaka cha kigeni kiitwacho baccharis hufunika kingo. Mavuno yakikoma, na viota huondoka.

Mwaka 1995 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Nusura yageuzwe majengo

Hali haikuwa nzuri wakati wote. Kwa karne nyingi Bretagne, jimbo ambalo Guérande ilikuwa sehemu yake, ilisamehewa kodi kubwa ya chumvi iliyotozwa sehemu nyingine za Ufaransa. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1790, nafuu hiyo ikatoweka. Karne ya 19 reli ikaleta chumvi rahisi ya migodini na ya kusini, na baadaye majokofu yakapunguza haja ya kuhifadhi samaki kwa chumvi.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana walikuwa wakiondoka, na mipango ya ujenzi wa kitalii ilikodolea macho ardhi hiyo iliyo jirani na ufukwe wa La Baule. Kwa mwenye fedha, kiwanja kilikuwa na thamani kuliko chumvi.

Wakulima waliungana. Mwaka 1972 waliunda kikundi cha wazalishaji, mwaka 1979 mafunzo rasmi ya kazi hiyo yakaanzishwa, na mwaka 1988 kikundi kikawa ushirika kamili. Leo una wanachama takriban 200.

Ushirika ulifanya mambo matatu ambayo mkulima mmoja asingeyaweza. Ulijenga akiba, ili chumvi ya mwaka wa jua ijazie pengo la mwaka wa mvua. Ulitafuta alama ya ubora ya serikali, Label Rouge, na kuipata mwaka 1991. Mwaka 2012 jina la Guérande likapata ulinzi wa Umoja wa Ulaya. Aidha, ulifungua kituo cha wageni, Terre de Sel, ambako matembezi huuzwa pamoja na pakiti za chumvi.

Hatari bado ipo. Desemba 1999 meli ya mafuta Erika ilizama nje ya pwani ya Bretagne. Wakulima walifunga malango mafuta yasiingie, na wengi wao hawakuvuna msimu wa 2000. Alama ya ubora haizuii mafuta wala mvua.

Funzo kwa mwambao wetu

Mwambao wa Afrika Mashariki una bahari, jua na ndege. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, kuna mashamba ya chumvi ambako heroe huonekana. Kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni, ni ukanda mkuu wa chumvi ya Kenya.

Hata hivyo, anayetaka kuiga azingatie mambo matatu.

Kwanza, ardhi. Mwaka 2005 tume ya haki za binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko ya wakazi wa ukanda wa Malindi juu ya ardhi na mazingira. Biashara inayouza mandhari haiwezi kuanza kwa kukata mikoko na kugombana na majirani; kitakachokosekana ni hicho hicho mgeni alichokuja kukiona.

Pili, sheria. Kenya na Tanzania zinataka chumvi ya kula itiwe madini joto, ilhali chumvi ya Guérande huuzwa kama ilivyotoka shambani. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tatu, umoja. Mzalishaji mwenye majaruba machache hana ghala wala jina, na hulazimika kuuza kwa mlanguzi msimu wa mavuno, bei inapokuwa chini. Guérande haikuvuka kwa sababu chumvi yake ilibadilika. Ilivuka kwa sababu wauzaji walikubaliana kuhifadhi, kufungasha na kuuza kwa jina moja.

Watalii walikuja baadaye. Mwenye mtaji mdogo asianze na hoteli. Aanze na kingo imara, ghala kavu na kitabu cha hesabu. Ndege hawatozi ada, mradi maji yao yasiguswe.