Picha inayokumbukwa, na mtu aliye ndani yake



Kila mara vita vinapozuka upya katika Kivu, wapiga picha hufika. Wanashuka garini na kamera mbili shingoni, wanazunguka kambini saa moja au mbili, kisha wanaondoka. Baadaye wazee wa kamati hutuuliza: picha zile zinakwenda wapi? Kwa nini moja inapewa tuzo na kuonwa na dunia nzima, na nyingine mia zinapotea? Na sisi tulio ndani ya picha tunapata nini? Ni maswali ya haki. Katika ukurasa huu tutayajibu kwa mifano ya kweli, tukianza na wa hapa kwetu.

Mwezi wa Julai 2007, gorila kadhaa waliuawa kwa risasi katika mbuga ya Virunga, upande wa Bukima, wilaya ya Rutshuru. Mmoja wao aliitwa Senkwekwe, dume kubwa, mkuu wa familia yake. Brent Stirton, mpiga picha wa Afrika Kusini, aliwapiga picha walinzi wa mbuga na wanakijiji walipokuwa wakiuondoa mwili msituni. Gorila amelala chali juu ya miti iliyofungwa pamoja, na wanaume zaidi ya kumi wamembeba. Picha hiyo ilitokea katika gazeti la Newsweek la Marekani, ikazunguka dunia, na mwaka 2008 ikapata tuzo katika mashindano ya World Press Photo. Uchunguzi uliofuata ulihusisha mauaji hayo na biashara haramu ya makaa yanayochomwa ndani ya mbuga.

Mwaka ule ule, mamia ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kaskazini walikuwa wamekimbia vijiji vyao. Ndiyo maana hadi leo wako wanaouliza kwa uchungu: dunia ilimlilia mnyama, mbona sisi haikutulilia? Swali hilo lisichekwe. Lakini pia tusimlaumu gorila, wala walinzi waliombeba, maana walinzi wengi wamekufa wakilinda mbuga ile. Afadhali tutazame kwa makini picha yenyewe ilifanya nini.

Kwanza, inaeleweka bila maneno. Hapa kwetu mgonjwa hubebwa kwa kipoyi hadi kituo cha afya, na zamani chifu alibebwa kwa kipoyi. Hata mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kulisikia neno hilo anajua kwamba anayebebwa hivyo na watu wengi ni mkubwa aliyeanguka. Picha ile ni mazishi ya mfalme, ila mfalme ni mnyama, na jicho linarudi mara ya pili kuhakikisha. Tena mwili ni mmoja, na una jina. Umati wa watu barabarani, magodoro kichwani, ni habari kubwa kuliko hiyo, lakini jicho haliwezi kushika umati. Linatafuta uso mmoja, na lisipoupata linapita.

Hilo ndilo wanalolijua waamuzi wa tuzo. World Press Photo ilianzishwa Uholanzi mwaka 1955. Tuzo ya Pulitzer ya Marekani ilianza kutolewa kwa picha za magazeti mwaka 1942. Katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2025 zililetwa picha zaidi ya 59,000. Fikirieni mtu aliyekaa mezani kutazama maelfu ya picha za moshi, bunduki na akina mama wanaolia. Baada ya muda vita vyote vinafanana. Kitakachomsimamisha si damu nyingi zaidi. Damu humfanya mtazamaji ageuze uso, na aliyegeuza uso hakumbuki kitu.

Picha iliyoshinda mwaka huo 2025 haina damu hata tone. Ni mvulana wa miaka 9 kutoka Gaza aliyepoteza mikono yote miwili katika shambulio la Machi 2024. Ameketi kimya, amevaa singleti, mwanga umemwangukia upande mmoja wa uso. Ukiitazama, kwanza unaona mtoto mzuri, halafu ndipo unaona kinachokosekana. Aliyeipiga, Samar Abu Elouf, ni mama wa Gaza aliyehamishwa kutoka huko, na alikuwa akiishi katika majengo yale yale na familia ya mtoto huyo, mjini Doha, Qatar. Hakuwa mgeni wa saa moja. Kwa maoni yangu jambo hilo linaonekana katika picha yenyewe, kwa namna mtoto alivyotulia mbele yake.

Lakini picha inaweza kukumbukwa na dunia nzima huku mtu aliyemo akisahauliwa kabisa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Sudan. Machi 1993, Kevin Carter, naye wa Afrika Kusini, alipiga picha huko Ayod, kusini mwa nchi, wakati wa njaa na vita. Mtoto mdogo aliyekonda ameinama chini, na nyuma yake ametua tai mla mizoga, anangoja. Gazeti la The New York Times liliitoa tarehe 26 Machi 1993, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer.

Barua nyingi zilifika gazetini, zote zikiuliza jambo moja: mtoto alipona? Gazeti halikuwa na jibu kamili. Lilieleza kwamba mtoto alipata nguvu za kuendelea kutembea baada ya tai kufukuzwa, ila haikujulikana kama alifika kwenye kituo cha chakula. Maana kituo kilikuwepo, karibu pale pale. Hilo halionekani katika picha. Anayetazama anadhani mtoto yuko peke yake jangwani, kumbe nje ya picha kuna watu, kuna chakula kinachogawiwa, kuna wazazi waliopanga foleni. Kila picha ina ukingo, na mpiga picha ndiye anayeamua ukingo upite wapi. Kwa miaka mingi watu walisema ni mtoto wa kike. Mwaka 2011 waandishi wa Hispania walifika Ayod, wakakuta familia iliyosema mtoto yule alikuwa wao, wa kiume, kwamba alipona njaa ile, akafa miaka mingi baadaye kwa homa. Dunia ilimhurumia miaka kumi na minane bila kujua kama ni mvulana au msichana! Carter mwenyewe alijiua Julai 1994. Waliomlaumu walikuwa wengi, na sisi hatutaongeza lawama juu ya marehemu. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyeandika jina.

Jambo kama hilo lilimpata msichana mkimbizi wa Afghanistan. Mwaka 1984 Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha katika kambi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan, kwenye hema la shule. Uso wake wenye macho ya kijani ulitokea juu ya jalada la National Geographic la Juni 1985, ukawa pengine uso wa mkimbizi unaojulikana kuliko yote duniani. Yeye mwenyewe hakujua. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002 alikuwa mama wa watoto, na ndipo dunia ikasikia kwamba anaitwa Sharbat Gula. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kosa la kitambulisho cha uongo, jambo ambalo wakimbizi wengi wa huko wamelipitia, akarudishwa Afghanistan. Serikali ya huko ilimpa nyumba. Baada ya utawala kubadilika, Italia ilimpokea mwaka 2021. Aliwahi kuwaambia waandishi kwamba picha ile ilimletea matatizo kuliko faida. Katika desturi za watu wake, msichana hafunui uso mbele ya mwanaume mgeni. Katika hema lile, ni nani aliyemuuliza?

Sasa turudi Kongo, miaka mingi nyuma. Mwaka 1904, wakati wa mpira wa Leopold II, mwanaume mmoja alifika kwenye misheni ya Baringa, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tshuapa. Alikuwa amebeba furushi la majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimwomba aketi barazani na akampiga picha. Kisha akaandika: mwanaume ni Nsala, wa kijiji cha Wala; binti ni Boali.

Picha hiyo si ya kelele. Nsala ameketi kando, anatazama vile vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake, na mtazamaji anafuata macho yake hadi vinapolala. Ilionyeshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, ikimulikwa ukutani kwa taa, pamoja na nyingine za namna hiyo. Watu wa Leopold walikuwa wamekanusha maandishi yote. Walisema ni uongo wa washindani wa biashara. Picha yenye jina la mtu, jina la mtoto na jina la kijiji ilikuwa ngumu kukanusha. Mwaka 1908 mfalme alilazimika kuiachilia Kongo iwe mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Haikuwa uhuru, na mateso hayakuisha siku hiyo. Lakini mfumo ule wa mfalme ulianguka, na picha zilikuwa na sehemu katika kuuangusha. Hakuna tuzo iliyotolewa kwa picha ya Nsala. Kwa hesabu yangu inazishinda nyingi zilizopewa.

Basi wapiga picha wakifika kambini, kamati ifanye nini? Tusiwafukuze. Pasipo picha, mauaji mengi yangebaki maneno matupu. Ila waulizwe kabla hawajaanza kazi: wewe ni nani, unafanyia gazeti au shirika gani, picha itaonyeshwa wapi, na maneno gani yataandikwa chini yake? Mpiga picha mwenye adabu hakasiriki kwa maswali hayo, kwa sababu ni kazi yake kuuliza vile vile. Anayekasirika amekwisha kujieleza.

Mtu yeyote anaweza kukataa, na hapotezi kitu. Tunasisitiza hili kwa sababu wako akina mama wanaodhani kwamba asiyepigwa picha anafutwa kwenye orodha ya chakula. Si kweli. Msaada hauuzwi kwa uso wa mtu. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali, za mwaka 1994, katika kifungu cha 10, zinadai kwamba katika matangazo yao wahanga waonyeshwe kama watu wenye heshima, si kama vitu visivyo na matumaini. Mashirika yaliyotia sahihi yanaweza kukumbushwa kifungu hicho, na kiongozi wa kambi asiogope kukitaja. Mtoto anayelia akiwa uchi huleta michango, kila mtu katika kazi hii anajua. Lakini mtoto huyo atakuwa kijana, na picha haitakua pamoja naye.

Kuhusu majina, tuwe waangalifu. Nsala alihitaji jina lake liandikwe. Mama aliyebakwa anahitaji kinyume chake: jina lisiandikwe, uso usionekane, hata kitenge kinachojulikana mtaani kisionekane. Vivyo hivyo kijana aliyetoroka kikundi chenye silaha, na shahidi wa mauaji. Mpiga picha anaweza kuwapiga kwa mgongo, au mikono tu, na picha ikawa na nguvu bado. Anayeamua ni mwenyewe, si chifu, si shirika, na kwa mtoto, mzazi au mlezi pamoja na mtoto mwenyewe.

Kuna badiliko moja la kufurahia. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, mpiga picha Finbarr O'Reilly, aliyekuwa amepata tuzo ya Carmignac ya Ufaransa ili afanye kazi Kongo, aliwaalika wapiga picha Wakongomani waionyeshe nchi yao wenyewe. Miongoni mwao walikuwa vijana waliokuwa wakifanya kazi Goma: Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo. Hao wanasalimia kwa lugha yetu. Na ukikutana nao sokoni wiki inayofuata, unaweza kuwauliza picha yako iko wapi.

Limebaki la simu. Siku hizi kila kijana ni mpiga picha, na yale yale yanayofanya picha ikumbukwe, mtu mmoja, uso mmoja, jambo linaloeleweka bila maneno, yanaifanya iwe silaha. Picha ya maiti wa nchi nyingine, ya miaka kumi iliyopita, inatumwa usiku na maneno «leo asubuhi, kijiji fulani, wamefanya watu wa kabila fulani». Kabla ya kuituma mbele, itazameni kama waamuzi wanavyotazama. Mimea hiyo inaota kwetu? Sare ni za jeshi gani? Kibao kimeandikwa lugha gani? Nani aliipiga, na alikuwa wapi? Kama hakuna anayejua, ifuteni na mwambieni aliyeileta. Na kijana akipiga picha ya kweli, ya nyumba iliyochomwa au ya shamba lililovunwa na wengine, aandike siku ile ile mahali, tarehe na jina la aliyepiga, aihifadhi kwa mtu wa pili anayeaminika, na nakala aipe kamati kabla ya kuipeleka kwenye mtandao.