Kolwezi: Megapikseli nyingi hazitoshi, tazama kwanza ukubwa wa sensa

Jua linaposhuka kwenye machimbo ya Mashamba, karibu na mji wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, simu nyingi zinatoa picha yenye chengachenga. Ukuta wa udongo mwekundu unafanana na matope, na kijani ya mawe ya shaba inapotea. Mchana, simu ileile ilipiga picha safi.

Wauzaji wengi wa simu husifu megapikseli, yaani wingi wa vidoti vinavyounda picha. Lakini mwanga unapokuwa mdogo, jambo la kutazama kwanza ni ukubwa wa sensa, kile kibao kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga.

Wakati wa mvua, weka beseni na kikombe uani kwa dakika moja. Beseni litapata maji mengi kwa sababu mdomo wake ni mpana. Sensa inapokea mwanga namna hiyo. Tena, manyunyu yakianguka kwenye udongo mkavu, hayalowanishi sawasawa: hapa tone, pale pakavu. Mwanga mdogo nao unaangukia sensa hivyo, na ndiyo asili ya chengachenga. Programu ya simu inajaribu kuzifuta, lakini inafuta pamoja nazo vitu vidogo vya kweli: ufa, chembe za jiwe, mikunjo ya uso.

Tuchukue mifano miwili. Samsung Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020 ina megapikseli 108. Kwa kawaida inaunganisha vidoti 9 kuwa kimoja, na picha inatoka na megapikseli 12. Kamera ya Sony A7S ya mwaka 2014 ina megapikseli 12 tu, lakini sensa yake ina milimita 36 kwa 24. Eneo hilo ni karibu mara 12 ya sensa ya simu ile. Ndiyo sababu kamera hiyo ya zamani ilijulikana kwa picha za usiku.

Kwa Kolwezi, jambo hili si la wapiga picha wa harusi peke yao. Mashamba Mashariki iko mikononi mwa kampuni KCC, na Mashamba Magharibi mikononi mwa Sicomines. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika eneo la KCC na kuua wachimbaji wadogo zaidi ya 40. Katika mji kama huu, picha ya ufa wa shimo au wa nyumba inaweza kuwa ushahidi. Ufa ni mstari mwembamba wa giza, na mara nyingi uko kivulini. Hapo ndipo sensa ndogo inashindwa.

Hata hivyo, sensa kubwa ina gharama yake. Kamera na lenzi zake ni nzito na ghali. Tena, lenzi ikifunguliwa sana, mtu wa mbele anaonekana vizuri na wa nyuma anakuwa ukungu, jambo baya kwa picha ya jamaa nzima. Saa sita mchana, au kama picha itatazamwa kwenye simu tu, tofauti ni ndogo. Inaonekana wazi picha inapokuzwa kwa maonyesho, kama zile za Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyeuita mfululizo wake mmoja Kolwezi.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji ukubwa wa sensa, si megapikseli peke yake. Piga picha ndani ya duka, mahali penye kivuli, kisha uikuze na utazame. Mwenye simu ndogo apige mapema, kabla ya jua kushuka. Jioni aegemeze simu kwenye jiwe au ukuta isitikisike, na asogee karibu na kitu, mradi mahali ni salama, badala ya kukivuta kwa zumu.