Gusii na Reli Iliyoishia Kisumu

Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na vilima vya Gusii havikupata hata taruma moja. Kilichowaunganisha Wakisii na behewa kilikuwa Ziwa Victoria: mzigo uliteremka kwa barabara hadi Kendu Bay, ukapakiwa melini, ukashushwa gatini Kisumu. Hata wanajeshi wa Uingereza waliopambana na Wajerumani mjini Kisii Septemba 1914 walisafirishwa kwa meli hadi Kendu Bay, kisha wakapanda vilima kwa miguu.

Kwa hiyo mtu wa Sironga, Nyamira, asiseme kufifia kwa reli hakumhusu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya reli na meli iligawanywa, na Kenya ikabaki na shirika lake lililozidi kudhoofika. Matengenezo yalisahauliwa huku barabara zikijaa malori. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Kufikia 2017 mkataba huo ulikuwa umevunjwa. Treni ya abiria ya Kisumu, iliyokuwa imesimama kwa miaka, ilirejea Desemba 2021.

Nenda Tabaka, Kisii, uone gharama ya kufifia huko. Jiwe la sabuni hung'olewa kwa mtaimbo na jembe, hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa panga na kisu, kisha kina mama hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Ni jiwe laini, lakini zito kama deni, na kinyago kikigongwa njiani huvunjika. Kila kilo hulipiwa dizeli hadi Nairobi au Mombasa, na anayebanwa ni mchongaji, kwa maana mnunuzi hukata nauli kwanza ndipo ataje bei. (Usafiri si sababu pekee, madalali nao wana lao.)

Reli mpya ya SGR ilisimama Naivasha mwaka 2019, ingawa mpango wa kuifikisha Kisumu unaipitisha Narok, Bomet na Nyamira. Siasa zetu hupenda stesheni yenye vioo na ukumbi wa abiria. Wawakilishi wa Kisii na Nyamira wadai kitu kingine kabla ya mchoro kufungwa: yadi ya mizigo, yenye winchi na ghala, pamoja na nauli ambayo mkulima wa chai na mchongaji wa Tabaka wataimudu.