Kutambua molekuli bila kuiona



Siku moja katika somo la shimi mwalimu aliandika ubaoni: C2H6O. Akauliza: «Ni kitu gani?» Sisi wote tukajibu: «Etanoli!», ndiyo alkoli ya lutuku. Akasema: «Hapana, hamujajua bado.» Kweli, atomi zile zile zinapangwa kwa namna mbili. Moja ni etanoli, inayochemka kwa digri 78. Ya pili ni eteri ya dimetili, nayo ni gazi. Basi tutazipambanua namna gani?

Wenye shimi wana mashini ya RMN. Wanatia kitu ndani ya sumaku kali, wanakipigia mawimbi ya redio, na hidrojeni zinajibu. Bloch na Purcell waligundua jambo hilo kule Marekani mwaka 1946, wakapata Zawadi ya Nobel mwaka 1952. Etanoli inatoa alama tatu, kwa kuwa hidrojeni zake ziko mahali patatu: 3 kwa CH3, 2 kwa CH2, 1 kwa OH. Eteri inatoa alama moja tu, sababu hidrojeni zote 6 ziko sawasawa.

Mashini hiyo ni ya bei kali, shule yetu haina. Lakini siku hizi kuko programu za ordinatere, kama nmrdb, ambazo zinakisia. Unachora molekuli, nayo inakuchorea spektra, ikifuata molekuli zilizokwisha kupimwa.

Sisi tunafanya hivi: kwanza kila mtu anachora spektra yake kwa mkono. Kisha tunafungua programu. Mwishoni tunalinganisha, na aliyekosa anaeleza sababu. Wengi wetu tulikosa kwa CH3. Tulichora mstari mmoja, kumbe ni mitatu! CH3 ina jirani mwenye hidrojeni 2. Ongeza 1, unapata 3. CH2 nayo ina jirani mwenye hidrojeni 3, kwa hiyo mistari ni 4. Kama tungefungua programu mbele ya kuchora, tusingalijua kosa letu.

Lakini tuangalie sana: kukisia si kupima. Alama ya OH inahamahama kufuatana na maji na wingi wa alkoli ndani ya chupa, na programu haijui chupa yako. Mmoja wetu alinakili spektra ya programu ndani ya kazi yake kama vile aliipima mwenyewe. Alipata sifuri, na sisi tunaona ni haki. Mtu akiandika «nimepima» na hakupima, wengine watajenga juu ya uongo wake.

Sasa ni zamu yenu. C3H8O inaweza kuwa molekuli tatu. Moja inatoa alama nne, mbili zinatoa alama tatu tatu. Zichoreni, na mutuambie hizo mbili zinapambanuliwa namna gani. Kalamu kwanza, ordinatere baadaye!