Mafuta, Chembe na Miaka: Safari ya Mlo Hadi Kwenye Mishipa ya Moyo

Mwaka 1959 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti uliofanywa Uganda na A. G. Shaper na K. W. Jones. Watafiti hao waliwalinganisha Waafrika na Waasia wa nchi hiyo, wakapima lehemu, yaani kolesteroli, katika damu zao na kuangalia vyakula vyao. Kwa Waafrika, waliokula zaidi matoke, viazi vitamu, mihogo na maharage, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo. Kwa Waasia, ambao mlo wao ulikuwa na samli na mafuta mengi zaidi, ugonjwa huohuo ulikuwa tishio kubwa. Nchi moja, hewa moja, lakini mioyo yenye hatima mbili.

Leo pengo hilo limepungua sana. Chipsi na soda zimefika hadi vijijini, kazi za kukaa zimeongezeka, na mwendo wa miguu umeachiwa bodaboda. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huwazibua mishipa ya moyo wagonjwa ambao zamani wangesafirishwa nje ya nchi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 duniani mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kati ya sahani na shambulio la moyo kuna safari ndefu. Sehemu yake ya kwanza huchukua saa chache. Ya mwisho huchukua miaka 30 au 40, na humo ndimo ilimo hatari.

Kutoka utumboni

Mafuta hayachangamani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Hilo ndilo tatizo la kwanza ambalo mwili hulazimika kulitatua kila mtu anapokula chapati au samaki wa kukaanga.

Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, ini huwa limekwisha kuandaa nyongo, ambayo hutunzwa katika kifuko chake hadi mlo ushuke. Nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria lililopikiwa nyama. Kongosho nalo humwaga vimeng'enya vinavyoyakata mafuta hayo kuwa vipande vidogo vya kuweza kufyonzwa. Seli za ukuta wa utumbo huvifyonza vipande hivyo, huviunga upya kuwa trigliseridi, ambayo ndiyo sura ya kawaida ya mafuta mwilini, kisha huvifunga pamoja na lehemu kidogo ndani ya gamba linalokubaliana na maji. Chembe inayotokea huitwa kailomikroni.

Chembe hizo ni kubwa mno kupenya kwenye vimishipa vidogo vya damu vya utumbo, kwa hiyo hupita njia nyingine. Mwaka 1622, daktari wa Italia Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa amekula muda mfupi kabla, akaona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye utando wa matumbo. Alipozikata, ukatoka ute mweupe kama maziwa. Alikuwa ameona mishipa ya limfu ikiwa imejaa mafuta ya mlo. Mishipa hiyo hukusanyika katika mfereji mmoja unaopanda kifuani na kumwaga mzigo wake kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya mafuta ya chakula huufikia mzunguko wa damu wa mwili mzima kabla ya kulifikia ini.

Dakika chache, kisha mabaki

Damu iliyochukuliwa baada ya mlo wenye mafuta mengi ikiachwa itulie, maji yake ya juu huwa na ukungu mweupe. Kwa mtu mwenye afya ukungu huo hutoweka baada ya saa kadhaa. Siri yake ilianza kufichuka mwaka 1943, Paul Hahn alipowadunga heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, mbwa waliokuwa na damu yenye ukungu na kuiona ikisafika upesi. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa heparini iling'oa kimeng'enya kilichojishikiza kwenye kuta za vimishipa vidogo, hasa katika misuli na katika tishu zinazohifadhi mafuta.

Kimeng'enya hicho huikamata kailomikroni inapopita na kuinyang'anya trigliseridi zake. Msuli unaofanya kazi huyachoma mafuta hayo. Tishu za mafuta huyaweka akiba. Mazoezi huongeza kimeng'enya hiki kwenye misuli, na hii ni mojawapo ya sababu trigliseridi za mtu anayetembea sana huwa chini. Kailomikroni moja hupokonywa sehemu kubwa ya mafuta yake katika dakika chache tu, ingawa kwa kuwa utumbo huendelea kutoa nyingine, trigliseridi katika damu hufikia kilele saa 3 hadi 4 baada ya kula.

Kinachosalia ni chembe iliyosinyaa, yenye mafuta kidogo lakini yenye lehemu yote iliyotoka nayo utumboni. Ini likiwa na afya huyafagia mabaki hayo upesi. Yakichelewa, huendelea kuzunguka na kugusa kuta za mishipa.

Mwaka 1979 mtafiti Donald Zilversmit alipendekeza kuwa maradhi ya kuziba mishipa hujengwa kwa sehemu katika saa hizi za baada ya mlo. Wazo hilo lilikwenda kinyume na desturi ya hospitali ya kumtaka mgonjwa apime lehemu akiwa na njaa, ilhali watu wengi hutumia sehemu kubwa ya siku wakiwa wamekula. Utafiti mkubwa wa Copenhagen, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha watu karibu 14,000, ulionyesha kuwa waliokuwa na trigliseridi nyingi bila kufunga walipata zaidi mashambulio ya moyo katika miaka iliyofuata. Tangu mwaka 2009 Denmark haimlazimishi mgonjwa kufunga kabla ya kipimo cha kawaida cha lehemu.

Chembe zinazotengenezwa na ini

Ini nalo hutengeneza chembe zake za mafuta mchana na usiku, hata mtu akiwa amefunga. Huzitengeneza kutokana na mafuta yaliyolifikia, na pia kutokana na sukari na wanga uliozidi mahitaji. Ndiyo maana mtu anayejiepusha na nyama ya mafuta lakini akanywa soda kila siku anaweza kuwa na trigliseridi za juu. Chembe za ini zikishapokonywa mafuta yake njiani, nyingi huishia kuwa LDL, ile ambayo wengi huiita lehemu mbaya.

Jina hilo halielezi kila kitu. Lehemu yenyewe ni ileile, nayo mwili unaihitaji kujenga kuta za seli, homoni na nyongo. Kinacholeta madhara ni chembe iliyoibeba. LDL ni ndogo sana, na hubaki kwenye damu kwa siku 2 au 3, wakati kailomikroni hudumu kwa dakika.

Jinsi LDL inavyoondolewa ilielezwa na Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, katika miaka ya 1970. Waligundua kuwa seli, hasa za ini, zina vipokezi vinavyoinasa LDL na kuiingiza ndani. Waliwachunguza watoto waliorithi vipokezi vibovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Lehemu ya watoto hao ilikuwa mara kadhaa ya kawaida, na baadhi yao walipata mashambulio ya moyo kabla ya kufikia miaka 20, hata wale wasiokula vibaya. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Ndani ya ukuta

Chembe zinazoweza kupenya ukuta wa ateri ni zile ndogo: LDL, chembe ndogo za ini na mabaki ya kailomikroni. Kailomikroni kamili haipiti. Watu wachache waliozaliwa bila kile kimeng'enya cha kuisafisha damu huwa na damu nyeupe kama maziwa, nao huugua sana kongosho, lakini mafuta hayo mengi hayaizibi mishipa yao kama LDL inavyofanya.

Chembe ndogo ikishapenya inaweza kunaswa humo ukutani. Seli za kinga huja kuila, zikashiba lehemu hadi zikafanana na povu. Mwanasayansi wa Urusi Nikolai Anitschkow aliliona jambo hili mwaka 1913, alipowalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti na kukuta mishipa yao imejaa seli za aina hiyo. Uvimbe hukua polepole, ukafunikwa na kovu. Siku kovu hilo linapopasuka, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya moyo hukosa hewa ya oksijeni. Sigara, shinikizo la damu na kisukari huuharibu ukuta na kuiharakisha kazi yote hiyo.

Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yenye uzito: idadi ya chembe zinazopita, na miaka ambayo zimekuwa zikipita.

Ushahidi bora wa hilo la pili umetoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, nao wa Dallas, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa Wamarekani weusi 3,363. Asilimia 2.6 kati yao walikuwa wamezaliwa na hitilafu katika jeni ya PCSK9, hitilafu ambayo huliachia ini vipokezi vingi zaidi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata watafiti walieleza habari za mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi hitilafu hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, naye alikuwa mzima wa afya.

Dawa zinazopunguza LDL kwa kiasi kinachokaribiana na hiyo asilimia 28 kwa miaka mitano hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban robo. Tofauti ni muda: wale walizaliwa na kinga, wakati wanaotumia dawa huanza uzeeni, ukuta ukiwa umekwisha kuvimba. Hata hivyo robo si haba. Statini, dawa za aina hiyo zilizozaliwa na kazi ya Mjapani Akira Endo aliyechunguza maelfu ya kuvu hadi akapata kiini chake mwaka 1973, zilipimwa kwa wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 30.

Mbona Wamasai?

Swali hili huulizwa kila mahali Afrika Mashariki: mbona Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama bila kuugua moyo? George Mann wa Marekani aliwachunguza huko Tanganyika katika miaka ya 1960, akakuta lehemu yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya wanaume wa Kimasai waliofariki. Kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kwa kiwango cha wazee wa Kimarekani. Kilichowanusuru ni kuwa mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka na damu ilipita bila taabu, jambo ambalo Mann alilihusisha na mwendo wao wa kila siku. Kijana wa mjini anayekula nyama choma kila wikendi na kukaa garini siku nzima hawezi kujificha nyuma ya mfano huo.

Sahani na kipimo

Mafuta yanayoganda, kama samli, siagi, mafuta ya nyama na mafuta ya nazi, hupunguza kazi ya vipokezi vya ini, na LDL hupanda. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya aina hiyo, na mawese karibu nusu. Mafuta ya alizeti, karanga, korosho na samaki huelekea upande wa pili. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa hupandisha LDL na kushusha HDL, ile ambayo wengi huiita lehemu nzuri. Maharage na kunde zina nyuzinyuzi zinazoitoa nyongo nje pamoja na kinyesi, na ini hulazimika kuichota lehemu kutoka kwenye damu ili litengeneze nyingine.

Majibu ya maabara nayo yanasomeka. Chukua lehemu yote, toa HDL, na tarakimu inayobaki ndiyo lehemu iliyobebwa na chembe zote zinazoweza kunasa ukutani, mabaki ya mlo yakiwamo. Muulize daktari kuhusu tarakimu hiyo. Mwenye baba au kaka aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, asisubiri kifua kiume: apime sasa, awapeleke na watoto wake wakapimwe, na akiandikiwa dawa asiiache bila kuzungumza na daktari.